Nyuzi Mia na Moja

Jana usiku nimepimwa homa, kifaa kikasema 101.3. Sasa mimi, kwa sayansi yangu ya shule ya msingi, najua maji huchemka kwenye 100. Nikajishika utosi kuangalia kama natoa mvuke.

"Mama watoto, nimechemka," nikasema, kwa sauti ya mtu anayeacha wosia.

Themometa mpya hii. Ile ya zamani ilikuwa na adabu zake: 37 mzima, 39 kalale. Hii inalia pii, kisha pembeni inaweka herufi F ndogo kama sisimizi. Mke wangu akasema hiyo ni Farenhaiti, lazima igeuzwe. Akachukua bahasha ya bili ya umeme, kalamu ikagoma, akaipuliza, ikakubali. Zidisha kwa tano: 506.5. Gawanya kwa tisa: 56 na ushei. Toa 32. Akanyamaza. Akanitazama. Akaitazama tena bahasha.

"Vipi?"

"Ishirini na nne."

Nyuzi 24! Hiyo si homa, huyo ni marehemu aliyesahauliwa sebuleni. Dakika tatu nyuma nilikuwa nachemka, sasa nimeshapoa. Nikatafuta mapigo ya moyo mkononi, nikayakosa. Kumbe nimeshika upande usio wake.

Binti yetu akaamshwa na kelele, akaisoma bahasha kwa dharau. "Mama, 32 inatolewa kwanza." Zikabaki 69.3, mara tano, gawanya kwa tisa: 38.5. "Baba ana homa tu." *Tu!* Akaongeza kwamba kwa Kelvini, kipimo kingine cha joto, mimi ni 311 na ushei. Nikamwambia akalale.

Na haya yote kisa bwana Daniel Gabriel Fahrenheit. Mwaka 1724 anatueleza kwamba amechanganya barafu, maji na chumvi ya amonia, na baridi ya uji huo ndiyo sifuri. Maji yenye barafu tupu akayapa 32, mwili wa binadamu 96. Leo mwili umepanda hadi 98.6, na mishahara iko palepale. Celsius naye msimwonee huruma: kwenye kipimo chake cha 1742 maji yalichemka kwenye sifuri yakaganda kwenye 100, mpaka wenzake wakakipindua. Hawa wawili wanapatana mahali pamoja tu, 40 chini ya sifuri, ambapo hakuna mwenye nguvu za kubishana.

Binamu yangu wa Marekani ananiandikia, "Leo 40, tunatetemeka." Nilimwona mwongo miaka miwili.

Halafu hizi taa. Boksi limeandikwa Kelvini 6500, wiki nzima nimelala na ndoo ya maji kando ya kitanda. Eti ni rangi ya mwanga! Mwanga mweupe tu, mngesema mweupe.

Binti anasema themometa ina kitufe cha kurudisha Selsiasi. Asubuhi nimekibonyeza mpaka kidole kikafa ganzi, nikakiweka kifaa mezani kipumue. Kioo kikaandika "Lo".

Hata chenyewe kimeshangaa.