Tumbo Langu, Kamati Yenu

Jamani, kichwa kikikuuma mjini hapa utapewa pole. Goti likikuuma, pole pia, na labda kiti. Lakini tumbo likikuuma hupewi pole. Unapewa ugonjwa.

Langu linajaa gesi. Nikila mchana, ikifika saa kumi vifungo vya shati vimeanza kugombana na matundu yake. Linaunguruma hadi abiria wa siti ya mbele kwenye daladala anageuka akidhani nimemsemesha. Siku nyingine choo kinagoma, siku nyingine kinakuja bila hodi nikiwa kwenye foleni ya Buguruni. Sasa huo ni ugonjwa gani? Msijibu. Nawaomba kwa heshima zote, msijibu.

Maana waliojibu wanatosha. Fundi wangu wa pikipiki, mkono bado umejaa oili, alinibonyeza chini ya mbavu akasema vidonda vya tumbo. Mama ntilie akasema minyoo, halafu akanipakulia maharage. Wazee wa kijiwe cha kahawa walishauriana kidogo wakatoka na uamuzi mmoja: mwanaume anayeunguruma tumbo ana ngiri, kesi imefungwa. Mama mkwe yeye hakutaja ugonjwa. Aliuliza tu, kupitia kwa mke wangu, kama kazini kuna mtu hanipendi.

Nikaenda duka la dawa. Yule kijana aliniuliza swali moja tu la kitabibu: "Bro, una shilingi ngapi?" Nikataja. Akahesabu omeprazo za kupunguza asidi, akaongeza magnesiamu za kutafuna, kisha kwa chenji iliyobaki akaweka flajili "za kusindikiza". Ningekuwa na elfu tano zaidi sijui ningetoka na ugonjwa gani.

Zahanati nako nilifika. Damu ikachukuliwa, mkojo ukachukuliwa, majibu yakaja kabla sijamaliza soda: taifodi na UTI. Sijawahi kuona mtu akitoka pale na kimoja. Yale magonjwa yanatembea mawili mawili kama askari wa doria. Nikameza antibayotiki, sipro, nikamaliza dozi, tumbo likaendelea na shughuli zake kama vile halikuhusika. Nikarudi, nikapimwa tena: taifodi bado ipo. Nikaandikiwa dozi nyingine.

Baadaye ndipo nikaelezwa habari za kipimo chenyewe. Kinaitwa Widal, kwa jina la daktari wa Kifaransa aliyekitangaza mwaka 1896. Yaani kimeitangulia Reli ya Kati! Na hakitafuti mdudu mwenyewe, kinatafuta kingamwili, zile silaha ambazo mwili uliziunda ulipopambana na mdudu. Ukiwa uliwahi kuugua zamani, au ulichanjwa, au kuna mdudu mwingine anayefanana naye, kinaweza kusema ndiyo. Ukitaka kumkamata taifodi mwenyewe, damu inaoteshwa maabara, na hiyo inachukua siku kadhaa. Pale kwetu ilichukua urefu wa soda.

Huku nyumbani shangazi alikuwa ameshafungua idara yake. Kwake ni vidonda tu, hataki mjadala. Juisi ya kabichi asubuhi, asali mbichi mchana, na kila usiku kabla ya kulala glasi kubwa ya maziwa baridi, "yapake ukuta wa tumbo". Nikinywa naye amesimama mlangoni anahakikisha. Alfajiri nimejaa kiasi cha kushindwa kuinama kufunga kamba za viatu. Anasema: "Unaona? Vidonda hivyo vinapigana. Ongeza maziwa."

Mwisho nikapata rufaa kwa daktari bingwa wa mfumo wa chakula, mama mmoja mpole. Nilijiandaa kwa maswali ya maana. Swali la kwanza: "Baba, choo chako kikoje?"

Nikasema kizuri tu, namshukuru Mungu.

Akafungua droo akatoa karatasi yenye picha saba. Saba! Mimi tangu utotoni najua vya aina mbili, kilichotoka na kilichokataa. Kumbe kuna wataalamu pale Bristol, Uingereza, waliokaa wakavipanga, kuanzia namba moja, vipande vigumu vilivyotengana, hadi namba saba, maji matupu. Mwaka 1997 wakachapisha na dunia nzima ya kitabibu ikashukuru. Daktari anangoja ninyooshe kidole. Nesi naye kasogea kuona nitachagua ipi. Mtu mzima, nina mke, nina watoto, kanisani ni mzee wa jumuiya, nikanyoosha kidole kwenye namba sita, kisha kwa uaminifu nikaongeza na namba moja.

Akaendelea. Kuna damu chooni? Hakuna. Choo cheusi kama lami? Hapana. Umepungua uzito bila sababu? Nikashika mkanda, nikasema hapana. Chakula kinakwama ukimeza? Maumivu yanakuamsha usiku? Ukoo una saratani ya utumbo? Kila swali hapana, nikaanza kuona aibu kama mtu aliyekuja msibani bila mchango. Kumbe hapana zile ndizo alizokuwa anazitaka.

Akaweka kalamu mezani, akasema: "Bado sijui una nini."

Nilimwangalia yule mama kwa mapenzi. Katika mji huu wote, kuanzia fundi pikipiki hadi mama mkwe, ndiye mtu wa kwanza asiyejua! Na ndiye pekee aliyesomea!

Akanipa daftari niandike kila ninachokula na tumbo linavyojibu. Akataka tumpime yule bakteria wa vidonda, H. pylori, kwa choo, lakini kwanza niache omeprazo wiki mbili, na antibayotiki ziwe zimepita wiki nne, maana zote zinamficha mdudu na kipimo kinadanganya. Akanisimulia kuhusu Barry Marshall wa Australia. Wenzake hawakuamini kwamba bakteria anaweza kuleta vidonda, basi mwaka 1984 akakoroga kikombe cha bakteria akanywa mwenyewe. Siku chache tu, kutapika, tumbo limewaka. Mwaka 2005 yeye na mwenzake Robin Warren wakapewa Tuzo ya Nobel. Mimi nimekunywa juisi ya kabichi mwezi mzima, hata cheti sina.

Kile kikopo cha choo kukisafirisha kwa daladala ni simulizi ya siku nyingine. Niseme tu kwamba konda aliomba mizigo yote ipakatwe.

Bakteria hakuwepo. Ukoo ukacharuka: bila kamera ya kuingizwa tumboni hakuna matibabu. Bima ikasema kamera haimo kwenye kifurushi changu. Ukafunguliwa mchango kwenye grupu la familia, kila mtu na jina lake na kiasi chake, mpaka yule binamu ambaye harusi yangu hakuichangia. Daktari akasema haya, tuwatoe watu wasiwasi. Nikalala bila kula, nikapuliziwa dawa chungu kooni, nikang'ata kile kiplastiki, mpira ukapita. Majibu: tumbo safi. Hakuna kidonda, hakuna hata mkwaruzo.

Ndipo akalivuta daftari langu, akasoma kwa kidole. Asubuhi chai ya maziwa. Saa nne chai ya maziwa. Usiku glasi ya shangazi. Akaniambia niache maziwa wiki mbili.

Nikaacha. Tumbo likanyamaza. Nikajaribu glasi moja, shati likakataa kufunga.

Akanieleza kwamba maziwa yana sukari yake, laktosi, na kuna kimeng'enya cha kuivunja ambacho kwa watu wazima wengi duniani hupungua baada ya utoto. Isipovunjwa inateremka hadi utumbo mpana, bakteria wa huko wanaifanyia sherehe, gesi inakuwa juu yako. Wafugaji wengi wa huku kwetu Tanzania na Kenya wana vinasaba vinavyowakinga. Mtindi kidogo naweza kujaribu, una sukari hiyo pungufu.

Nikapeleka habari kwenye grupu. Kimya. Kisha kaka: "Yaani elfu hamsini yangu imeenda kuangalia kwamba huna kitu?" Binamu akaomba risiti. Shangazi akapiga simu kabisa, sauti inatetemeka. "Maziwa? Maziwa ndiyo dawa! Na sisi ni ukoo wa wafugaji, babu yako alikuwa na ng'ombe!"

"Shangazi, alikuwa na ng'ombe mmoja. Na alikuwa dume."

Akakata simu. Wiki nzima hakuna anayenisalimia, nimekula michango ya watu kwa ugonjwa ambao haupo. Mke wangu naye ananiuliza kwa upole kama ni chai yake au ya watu wengine. Ikabidi nitafute amani. Nikaandika kwenye grupu: daktari ameangalia picha upya, vidonda vipo, ila vidogo sana.

Pongezi zilimiminika. Kaka akaweka emoji ya kuomba dua. Na jioni ile ile bodaboda alisimama mlangoni na dumu la lita tano, mzigo umetoka kwa shangazi, na maagizo ninywe yangali baridi.