Mama mkwe, chokaa na kamba mwenye kibyongo

Kama hujawahi kufuga matumbawe nyumbani utadhani ni kukaa tu kwa kochi waangalia samaki huku wanywa chai. Wapi! Samaki hawana neno, shida ni wale wanaokuja bila kualikwa. Wanunua kijiwe kina tumbawe dogo la rangi, kumbe kwenye matundu ya jiwe kuna watu wamejificha na mizigo yao.

Kwangu mimi hapa Leicester, Uingereza, aliyenihamia ni aiptasia. Ni anemoni, mnyama wa baharini mfano wa ua, mdogo wa rangi ya kahawia, mwili waona mpaka upande wa pili, mikono mirefu yenye ncha, ukimsogelea tu fyuu kashaingia tunduni. Kisu hakimfai, kipande kidogo cha mguu kikibaki jiweni chaota mwengine, yaani umekata mmoja umejipatia ukoo. Na anachoma, tumbawe lililo jirani yake lasinyaa lenyewe.

Dukani nikaambiwa dawa yake ni kamba wa peremende, mwembamba, ana mistari myekundu, aiptasia kwake ni chakula. Nikauziwa watatu. Wiki zikaenda, aiptasia wanazidi kunenepa, lakini zoa zangu, yale matumbawe laini ya rangi rangi ambayo nimeyanunua kwa pesa ambayo mke wangu mpaka leo hajaambiwa, zikawa kila asubuhi zimepungua. Hapo nikajua kuna mtu anakula usiku.

Sasa wadudu wa matumbawe wengi hutoka taa zikizimwa, na ukiwamulika kwa tochi ya kawaida wanakimbia, lakini mwanga mwekundu hawauoni vizuri. Kwa hivyo nikavaa tochi nyekundu ya kichwani. Halafu zoa zingine zina sumu kali, palitoksini, ikikurukia jichoni au ikiingia kwenye kidonda safari yako ni hospitali, basi nikavaa na miwani ya plastiki na glavu ndefu za kufika kwapani. Juu sina shati, chini nimefunga kikoi. Saa tisa za usiku. Na nyumbani tuna mgeni, mama mkwe, katoka Mombasa.

Nikaona! Kamba mmoja yuko juu ya zoa anachuna kwa raha zake. Nikamwangalia vizuri, mgongo una kibyongo, mistari myekundu imepakana na myeupe, mwiba wa usoni anaupandisha anaushusha. Huyu si wa peremende, huyu ni kamba ngamia, binamu yake, na yeye aiptasia hana haja nao, ataka matumbawe laini. Dukani wamenipa mwizi wakaniambia ni askari.

Nikasema maadamu nishaamka acha nimalizane na aiptasia mwenyewe. Njia ni hii, wazima pampu maji yatulie, wakoroga chokaa iwe nzito, wavuta kwa bomba la sindano lenye ncha butu, wamziba nayo mdomo pole pole kabla hajajikunja. Wachache tu kwa siku moja, maana chokaa yapandisha pH ya maji, kile kipimo cha uchachu na umagadi. Chokaa yangu ya dukani imekwisha. Lakini juu ya meza kuna kikopo cha mama, chokaa yake ya tambuu, kanunua Belgrave Road kwa Mhindi wa kutoka Kampala wakaongea Kiswahili saa nzima. Ni chokaa ile ile jamani, nyeupe, haina manukato, nikakifungua nikakiweka ukingoni mwa tangi.

Mkono mmoja uko ndani ya maji mpaka begani, wa pili una sindano, nimeinama, na mama mkwe kaamka kusali tahajudi. Kufungua mlango hivi, aona kiza, jicho jekundu kwenye paji la uso, mikono mieusi mirefu, sindano, na kikopo chake.

"A'udhubillahi! Weye nani?"

Nikashtuka nikageuka kwa heshima nimjibu shikamoo. Kiwiko kikapiga kikopo, kikopo kikaingia majini, na kikoi nacho kikaona hapa si mahali pa kukaa.

Mama kajifunika uso kwa mtandio anapiga kelele amwita bintiye, mimi nachutama nyuma ya tangi, lakini tangi ni la kioo jamani. Bahati moja tu, maji yashakuwa tui zito, hamna kinachoonekana.

Mke wangu akashuka, akanitupia taulo bila kusema kitu. Kipimo cha pH kinapanda tu, 8.9, nikawa nachota maji nje namwaga mapya ya chumvi, huku mama, bado kanipa mgongo, auliza chokaa imemwagika kiasi gani, halafu akasema, "Haya tia siki, yakata ukali." Na kweli siki yashusha pH, tukatia kidogo kidogo huku nasoma kipimo.

Samaki wakapona, konokono wawili hawakuamka, zoa zikajifunga siku kadhaa. Aiptasia asubuhi ndio wa kwanza kufungua mikono. Yule ngamia nilimtega kwa chupa ya plastiki yenye kipande cha samaki, sasa yuko tangi la chini peke yake.

Mama hakuniangalia usoni mpaka Ijumaa. Ila nilisikia voisi aliyotuma Mombasa: "Si mganga, nimeuliza, asema ni dawa ya wadudu." Na tulipompeleka tena Belgrave Road akanunua vikopo viwili, kimoja akanipa bila kunigeukia.

"Hiki cha wadudu wako. Na ununue mshipi."