Hiyo asilimia moja ni watu

Ndugu mwandishi, umesema Valve, watengenezaji wa michezo ya kompyuta, walipoleta mchezo wa risasi wa Counter-Strike 2 mwezi Septemba 2023 na kuacha kuhudumia kompyuta za zamani (za biti 32 na za DirectX 9, programu ya picha za michezo) na za macOS, yaani za Apple, walioguswa hawakufika asilimia moja ya wachezaji. Sawa, lakini wanaohesabiwa ni wenye akaunti wanaoingia mtandaoni. Hapa Busia, upande wetu wa Uganda, vijana wanalipia dakika kwenye banda la michezo na kupokezana mashine moja. Kompyuta zimeunganishwa kwa waya humo humo bandani, intaneti haiguswi kwa sababu bando ni ghali. Hao nani aliwahesabu?

Na mashine zenyewe ni mitumba. Ukiinama utaona ubavuni kibandiko cha ofisi fulani ya Ulaya, namba ya mali bado inasomeka. Kumbukumbu (RAM) ni GB 2, basi. Kumwambia mwenye banda anunue mpya ni kumwambia afunge.

Najua kutunza mifumo ya zamani ni kazi na gharama. Tena Valve waliacha CS:GO, toleo lililotangulia Counter-Strike 2, iendelee kupakuliwa, nawashukuru kwa hilo. Ila Steam yenyewe, programu ya Valve ya kupakulia michezo hiyo, iliacha kuhudumia Windows 7 tangu 1 Januari 2024, kwa hiyo aliyebaki na Windows hiyo atapitia wapi? Wangetoa toleo la mwisho lisilohitaji Steam, la kuchezwa kwa waya tu. Tafadhali, mkipata nafasi ya kuwahoji, waulizeni hilo.