Wanjiku ni mama wa ukoo

Nchini Kenya, mtu akisema katika mjadala wa bajeti kwamba Wanjiku amesahauliwa, hakuna anayeuliza ni Wanjiku yupi. Jina hilo limemaanisha mwananchi wa kawaida tangu mwishoni mwa miaka ya 1990, Rais Daniel arap Moi alipohoji, wakati wa vuguvugu la kudai katiba mpya, iwapo Wanjiku anajua katiba ni kitu gani. Wanaharakati waliipokea kauli hiyo ya dharau wakaifanya bendera yao hadi katiba ikapatikana mwaka 2010. Naiheshimu historia hiyo, lakini inanisikitisha kwamba vijana wengi wanalijua jina hili kwa maana hiyo peke yake, kana kwamba lilizaliwa katika siasa.

Wanjiku wa kwanza ni binti wa Gikuyu na Mumbi, wazazi wa kwanza wa Wakikuyu. Masimulizi yao yanaeleza kwamba Ngai, yaani Mungu, alimwonyesha Gikuyu nchi kutoka kilele cha Kirinyaga, yaani Mlima Kenya, akamwelekeza Mukurwe wa Nyagathanga, mahali palipo leo katika Kaunti ya Murang'a, na huko akampata Mumbi, ambaye jina lake lina maana ya muumbaji au mfinyanzi. Walijaliwa mabinti tisa, na mwingine wa kumi ambaye hatajwi katika hesabu, kwa kuwa desturi ilikataza kuwahesabu watu hadi mwisho. Ndiyo maana husemwa kenda muiyuru, tisa iliyojaa. Mabinti hao ndio chimbuko la koo: Agaciku ni wa Wanjiku, Ambui ni wa Wambui, Anjiru ni wa Wanjiru.

Sehemu inayonigusa zaidi ni ile inayofuata. Inasimuliwa kwamba hapo kale wanawake ndio waliotawala, mpaka wanaume walipokula njama ya kuwatia mimba wote kwa wakati mmoja, wakawapindua walipokuwa wazito na hawawezi kupigana. Washindi walibadilisha sheria za ndoa na za mamlaka, lakini walipotaka kubadilisha majina ya koo, wanawake walikataa katakata na kutishia kutozaa tena, na wanaume wakasalimu amri. Basi jina Wanjiku ni mojawapo ya majina ambayo wanawake walioshindwa vitani hawakukubali kunyang'anywa, na kulitumia kana kwamba maana yake ni mtu mnyonge asiyeelewa mambo ni kumwondolea mwenye jina heshima aliyoipigania.

Jina hili halichaguliwi kwa kupendeza kwake. Kwa desturi, binti wa kwanza huitwa jina la mama wa baba yake, na wa pili jina la mama wa mama yake, kwa hiyo kila Wanjiku amelipokea kutoka kwa bibi fulani aliyelipokea kwa mwingine. Ningependa wazazi wanaolifuata agizo hilo wasiishie kumwambia mtoto jina ni la bibi yake, bali wamsimulie pia habari za Mukurwe wa Nyagathanga, na za wale wanawake waliokataa.