Ukitaka tanki la maji chumvi Mwanza, anza na umeme

Wadau wa samaki naona siku hizi mtu akitaka kuweka tanki la baharini nyumbani anauliza kwanza taa gani, matumbawe gani, wale samaki wa chungwa wenye mistari myeupe wanapatikana wapi. Mimi nasema hela ya kwanza iende kwenye betri na inveta, samaki watasubiri.

Manake tanki la lita 600 halina samaki tu ndani, kwenye mawe unayoweka ndani kuna bakteria wanaogeuza amonia, ile sumu ya uchafu wa samaki, kuwa naitriti halafu naitreti, na hao nao wanataka oksijeni kama samaki. Umeme ukikatika usiku hapo Nyakato pampu inanyamaza, maji yanatulia kimya, na maji chumvi ya joto yanabeba oksijeni kidogo kuliko maji baridi ya ziwani, kwa hiyo usijipe moyo eti mbona nilifuga sato wakavumilia. Na wala huhitaji inveta kubwa. Hita na taa ziache zizime, kwa joto la Mwanza maji yanapoa polepole sana na matumbawe yanakaa giza siku moja bila shida, wewe unga pampu ya kuzungusha maji basi.

Halafu kuna jambo watu hawaliangalii kabisa. Pampu ikizima, maji ya juu yanajivuta kurudi kwenye tanki dogo la chini, lile linalokaa pampu, kupitia bomba la kupandishia maji, ndiyo maana fundi anatoboa katundu kadogo kwenye bomba karibu na uso wa maji ili hewa iingie mvuto ukatike. Hako katundu kanaziba na mwani na chumvi! Kazibue na kijiti cha meno kila unaposafisha, la sivyo utakuta maji sebuleni mpaka kwenye zulia. Na waya wa kila kifaa uuache uning'inie chini ya soketi kwanza ndo upande, chumvi inatambaa jamani, utaona ule ukoko mweupe hadi kwenye plagi.

Ziwa liko mlangoni ila chumvi tunanunua, gramu 35 hivi kwa lita, yaani tanki hilo linakula kilo 21 na ukibadilisha asilimia kumi ya maji ni kilo mbili na ushee tena. Chumvi ya jikoni haifai, iwe ya Uvinza au ya wapi, matumbawe yanataka kalisiamu na magnesiamu. Maji yakipungua kwa kukauka ongeza yasiyo na chumvi, yaliyochujwa, chumvi yenyewe haikauki inabaki humo humo.

Kabla hujaingiza hata samaki mmoja zima swichi kuu makusudi, kaa uangalie maji yanashuka yanaishia wapi kwenye tanki la chini, piga alama na makapeni, na pampu ikiwa imezimwa usijaze tena kupita hapo.