Mikono Miwili, Vitu Vitatu

Kwa kuwa ile video ya mashindano ya kulenga shabaha kwa bastola kule Kirigiti, Kiambu, imekwisha kuingia katika kundi la WhatsApp la ukoo wa mume wangu, ikiwa na maelezo yasemayo "Mama achagua bastola, amtupa mtoto", naona ni haki yangu kutoa taarifa kamili kabla haijafika ofisini kwangu. Aliyeirekodi ni rafiki yangu, tena wa kikosi kimoja nami cha mashindano, mtu ambaye tumekunywa maji ya chupa moja na kuazimana mafuta ya kusafishia bastola. Sitamtaja jina. Anajijua, na nyinyi mliomrushia vicheko mnamjua pia.

Kwanza, mtoto alikuwa mdoli. Nalisema hili mapema kwa ajili ya yule ndugu aliyeuliza, kwa herufi kubwa tupu, kama idara ya watoto imearifiwa. Haijaarifiwa, na ikiarifiwa itakuta mdoli mzima wa afya, asiye na mkwaruzo hata mmoja. Aliyeumia ni mimi.

Pili, mchezo wenyewe. Wengi wenu mnadhani kulenga shabaha ni kusimama wima, kufumba jicho moja na kupumua taratibu. Huo upo, nao ni wa watu wenye subira. Huu wetu, uitwao IDPA, ulianzia Marekani mwaka 1996, na msingi wake ni kwamba raia mwenye leseni ya bastola ajaribiwe katika mazingira yanayofanana na siku mbaya maishani mwake: ameketi garini, yuko dukani, anatoa pesa kwenye mashine, au amelala nyumbani kwake wanapoingia wezi. Bastola huwa ndani ya ala, imefichwa chini ya kizibao. Kipima muda kikilia, unachomoa, unapiga wezi waliokatwa kwa maboksi, unawaacha salama watu wema wa maboksi, ambao hutambulika kwa viganja vilivyochorwa wazi kifuani, na muda wote unajikinga nyuma ya ukuta kana kwamba hao wa maboksi nao wana silaha. Matokeo huhesabiwa kwa sekunde. Risasi isiyopiga katikati huongeza sekunde, ukimpiga mtu mwema unaongezewa sekunde 5, na ukikiuka utaratibu wa kituo, yaani wa jaribio moja la mashindano, unaongezewa sekunde 3. Mwenye sekunde chache zaidi ndiye mshindi. Ukiangusha bastola, au mtutu ukivuka mipaka na kuelekea walipo watu, hakuna cha sekunde: unaondolewa mashindanoni papo hapo, unafungasha virago, na wenzako wanakusindikiza kwa macho hadi garini. Yashikeni haya mawili ya mwisho, maana utetezi wangu wote umesimama juu yake.

Kituo kilichoniponza kiliitwa cha usiku wa manane. Waandaaji walikuwa wamejenga nyumba ya mbao nyembamba isiyo na paa, yenye kitanda, mlango, na ujia mfupi unaokwenda hadi kwenye tuta la udongo linalopokea risasi. Mshindani anaketi kitandani amempakata mtoto kwa mkono wa kushoto. Saa ikilia, anachomoa bastola kwa mkono wa kulia, anakwenda mlangoni, anachungulia, anawapiga wezi wawili risasi mbili mbili, anamwacha bibi wa boksi aliyesimama kati yao, kisha anasonga hatua chache na kummaliza mwizi wa tatu mwishoni mwa ujia. Maelezo ya kituo yalisema waziwazi kwamba mtoto hawekwi chini mpaka risasi ya mwisho itoke. Tulisomewa jambo hilo tukiwa tumesimama juani, tukaitikia kwa vichwa, na hakuna aliyeona kwamba kuna neno la kujadili.

Mdoli huyo nitamtambua hata nikikutana naye gizani. Alikuwa na upara, jicho moja lisilofunguka vizuri, na tumboni alikuwa na betri iliyomwezesha kusema "Ma-ma" kila alipominywa au kugongwa. Tulimcheka sana asubuhi.

Sasa tuje kwenye shati. Kikosi chetu kilikuwa kimeshona mashati ya rangi ya zambarau, na aliyechagua mshono, akampelekea fundi picha na kusisitiza kwamba kola iwe pana "ili tupate hewa", ni huyo huyo mrekodi wa video. Wanaume wa kikosi walivaa yao na fulana ndani. Mimi nilipata hewa.

Na hewa hiyo ina hatari ambayo kila mwanamke aliyewahi kushika bastola mashindanoni anaijua, ila haiandikwi popote. Kila risasi inapotoka, sehemu ya juu ya bastola hurudi nyuma na kutema ganda tupu upande wa kulia. Ganda la risasi zetu ni kijisilinda cha shaba ya manjano, chenye urefu wa milimita 19, na hutoka likiwa na moto kama mafuta yaliyokwisha kuiva ya kukaangia mahamri. Uwanjani peupe linaruka zake na kuangukia changarawe. Lakini mimi nilikuwa nachungulia kwenye ukingo wa kushoto wa ukuta, maana yake ubao ulikuwa kuliani kwangu, hatua isiyotimia kutoka usoni. Maganda yangu yote yalikuwa na mahali pa kugonga na kurudi.

Msimamizi wa usalama akaniuliza kama niko tayari. Nikaitikia kwa kichwa. Akasema nisubiri. Saa ikalia.

Nilichomoa vizuri, na hilo video haionyeshi, kwa sababu mrekodi alikuwa bado anatafuta pembe ya kusimama. Nilifika mlangoni nimemkumbatia mdoli kifuani kama mzazi anayejali, nikampiga mwizi wa kwanza mara mbili katikati. Nikamruka bibi. Nikampiga wa pili mara moja. Risasi ya nne ikatoka, nikaona kwa pembe ya jicho kitu chenye rangi ya dhahabu kikigonga ubao, kikizunguka hewani bila haraka yoyote, kikigusa mkono wa miwani yangu ya kinga kwa mlio mdogo wa "ting", halafu sikukiona tena.

Nilikihisi. Kilipita kwenye kola kwa heshima zote, kikateremka taratibu na kutua mahali ambapo mavazi ya ndani ya kike yameshonwa kwa kusudi moja tu la kuhakikisha kwamba chochote kilichofika hapo hakiendi kwingine. Kikakaa.

Ndugu zangu, akili ya binadamu katika hali hiyo hufanya hesabu kwa kasi ya ajabu. Nilikuwa na mikono miwili na vitu vitatu. Mkono wa kulia ulikuwa na bastola yenye risasi, na bastola haiachiliwi, kwa sababu kuiangusha ni kwenda nyumbani, ukiacha mbali kwamba ni hatari kwa kila aliyesimama pale. Ganda nalo lilikuwa likiendelea na kazi yake na halikuwa tayari kwa mazungumzo. Mkono wa kushoto ulikuwa na mtoto. Mimi binafsi sikutoa uamuzi wowote. Mkono wenyewe ulifunguka.

Na haukufunguka tu, ulirusha. Mdoli alipaa. Alipita juu ya ukuta wa ubao akiwa amenyoosha mikono miwili mbele, kile kitambaa cheupe alichovishwa kikaanza kufunguka kikimfuata nyuma, akapinduka mara moja angani kwa utulivu ambao sikuwa nao mimi, akamgonga yule bibi wa boksi kwenye paji la uso, akadunda, na kuketi kitako miguuni pa mwizi wa tatu, akitutazama kwa lile jicho lake moja. Kisha akasema, "Ma-ma."

Inafaa mfahamu jambo moja kuhusu vizuia sauti tunavyovaa masikioni. Vile vya kisasa vina umeme ndani yake: hukata mlio mkubwa wa risasi, lakini hukuza sauti ndogo ili mshindani asikie amri za msimamizi. Kwa hiyo neno hilo halikusemwa kwa unyonge. Lilisemwa kwa nguvu katika masikio ya kikosi kizima, ya mwandishi wa alama, na ya kikosi kilichokuwa kikisubiri zamu nyuma yetu. Baada ya hapo kila mmoja alisikia vicheko vya mwenzake vikiwa vimekuzwa.

Mimi wakati huo nilikuwa nimetumbukiza mkono wa kushoto ndani ya shati hadi karibu na kiwiko, natafuta, huku miguu ikicheza ngoma ambayo shemeji yangu mmoja tayari ameiwekea muziki. Lakini nawaomba, hasa nyinyi mliotazama zaidi ya mara moja, acheni kutazama miguu na mtazame mkono wa kulia. Tazameni mtutu. Umenyooka kuelekea kwenye tuta tangu mwanzo hadi mwisho, hautikisiki, na kidole cha shahada kimelala ubavuni mwa bastola, mbali na kifyatulio. Mwili mzima unaungua na kurukaruka, na mkono ule umetulia kama si wangu. Msimamizi, ambaye alikuwa amesogea tayari kunishika bega, ameniambia baadaye kwamba katika kazi yake hajaona dansi lililozingatia usalama kiasi kile. Maneno hayo hayamo katika video. Mrekodi alikuwa amejikunja anacheka, ndiyo maana sehemu hiyo inaonyesha changarawe.

Nililipata ganda. Nikalitupa. Halafu, kwa kuwa saa ilikuwa bado inahesabu na mwizi wa tatu alikuwa bado amesimama juu ya mwanangu, nikasonga kwenye ujia na kumpiga risasi mbili, zote katikati, kwa mkono mmoja, ingawa wa pili ulikuwa sasa hauna kazi. Ulikuwa umebaki umeshika shati.

Kipima muda chetu husikia kila mlio na kurekodi nafasi kati ya risasi moja na inayofuata. Kati ya risasi yangu ya nne na ya tano kiliandika sekunde 11.42. Mwandishi wa alama aliisoma tarakimu hiyo kwa sauti, akaomba radhi, akaisoma tena.

Yaliyofuata yalikwenda mbio. Nilitoa magazini ya risasi, nikaonyesha kwamba bastola haina kitu, nikairudisha kwenye ala, na msimamizi, akiwa amekaza uso kwa juhudi kubwa, akaniuliza, "Mama, na mtoto?" Nikaongezewa sekunde 3 kwa kumwacha kabla ya wakati. Niliomba kurudia kituo kwa hoja kwamba niliingiliwa nikiwa katikati ya mchezo. Nikajibiwa kwamba ganda lilitoka katika bastola yangu mwenyewe na kuingia katika shati langu mwenyewe, na kwa hiyo hakuna mtu wa nje aliyehusika. Katika hema la huduma ya kwanza nilimkuta kijana mpole sana aliyeniuliza nimeungua wapi, nikamwonyesha kwa ujumla, akanikabidhi dawa ya kupaka na kugeuka kutazama mlima.

Katika orodha ya wanawake, rafiki yangu mrekodi alinipita kwa sekunde 2.1. Sitaki kusikia habari za zile 11.42. Sekunde 3 za mtoto zingetosha, na aliyechagua kola mnamjua.

Jana alfajiri mama mkwe alinipigia simu kutoka Malindi. Nilikuwa nimejiandaa kueleza kuhusu mdoli, betri na boksi, lakini hakuwa na haja ya maelezo hayo. "Mwanangu," akasema, "mimi nimelima, nimeteka maji, nimepika harusi za watu, na mume wako yuko mgongoni. Ni nani aliyewafundisha kwamba mwanamke akiwa na kazi hubeba mtoto mkononi?" Sikuwa na jibu. Leo nimeletewa kifurushi kwa basi: leso pea moja, mpya, yenye maandishi "Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo", na ujumbe kwamba pea haikatwi, nusu ni ya mgongoni na nusu ni ya kufunga kifuani ili vitu visiingie.

Nimemwandikia msimamizi kumuuliza kama kanuni zinaruhusu mtoto wa kituo afungwe mgongoni. Amejibu kwa kirefu kwamba mtoto aliye mgongoni atakuwa nyuma ya mtutu wakati wote, na kwa upande wa usalama hana pingamizi. Tatizo ni kwamba mshindani haruhusiwi kusaidiwa saa ikishaanza kuhesabu, hivyo angependa kujua ni nani atakayenifunga leso, na kama atafanya hivyo kabla ya mlio au baada yake. Nilimsomea mama jibu hilo lote kwenye simu. Akanyamaza kidogo, kisha akauliza nauli ya basi kutoka Malindi hadi Kiambu siku hizi ni kiasi gani.