Sam Spiegel: mkate alitoa, jina akalizuia

Ukiitazama filamu ya "The African Queen" ya mwaka 1951, majina ya mwanzoni yanamtaja mtayarishaji: S. P. Eagle. Mtu huyo hakuwapo. Lisome haraka utamsikia Spiegel. Ni Sam Spiegel, Myahudi aliyezaliwa Galicia, eneo la Ulaya ya Mashariki ambalo leo liko Poland na Ukraine, mwaka 1901, akaikimbia Ujerumani Hitler aliposhika madaraka mwaka 1933, akaonja jela Uingereza kwa makosa ya fedha, kisha akaingia Marekani akitokea Mexico bila karatasi halali. Hollywood aliishi kwa jina hilo la kujibandika mpaka "On the Waterfront" ya 1954, alipojitokeza kwa jina lake.

Sisi wa huku tuna sababu ya kumjua. "The African Queen" ilipigwa Kongo ya Wabelgiji na Uganda, wapigaji picha wakiugua matumbo mmoja baada ya mwingine. Hadithi yake iko Afrika Mashariki ya Wajerumani, na ile meli ya kivita ya ziwani inakumbusha Graf von Götzen, ambayo Wajerumani wenyewe waliizamisha karibu na Kigoma mwaka 1916, Waingereza wakaiibua, na leo ndiyo MV Liemba yetu. Wanakijiji wanaimba nyimbo za kanisa mwanzoni, kijiji kinachomwa moto, na hadithi inawaacha hapo hapo. Huwa inaniuma kila ninapoiona.

Katika kazi yake hana mfano wa karibu: Oscar tatu za filamu bora, kila moja akiwa mtayarishaji peke yake. Ni "On the Waterfront", "The Bridge on the River Kwai" ya 1957 na "Lawrence of Arabia" ya 1962. Ugomvi uko kwa waandishi.

Miaka ile Kamati ya Bunge la Marekani iliwaita watu wa filamu na kuwataka wawataje wakomunisti wanaowajua. Aliyekataa aliingia orodha nyeusi, na studio hazikumpa kazi tena. Michael Wilson na Carl Foreman walikuwa wa kundi hilo, wakahamia Ulaya. Spiegel aliwapa kazi ya kuandika "Kwai", lakini majina yao hayakuwekwa kwenye filamu. Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni: wakati wengi waliogopa hata kuonekana nao, huyu aliwalipa, na watoto wao wakala. Wanaomtetea husema kama majina yao yangewekwa pale, filamu isingepata sinema za kuionyesha Marekani. Kwa mwaka 1957, naikubali hoja hiyo. Tena hakuwa mtu wa upande mmoja, maana mwongozaji na mwandishi wa "On the Waterfront", Elia Kazan na Budd Schulberg, walikuwa wamewataja wenzao mbele ya Kamati. Alichotaka ni mtu anayejua kazi.

Lakini tazama kilichotokea usiku wa Oscar. Tuzo ya mwandishi ilikwenda kwa Pierre Boulle, Mfaransa aliyetunga kitabu, ambaye Kiingereza cha kuandikia skripti hakuwa nacho. Wajane wa Wilson na Foreman ndio waliokuja kukabidhiwa sanamu hizo mwaka 1985.

Kwenye "Lawrence" utetezi unaniishia kabisa. Wilson aliandika rasimu za kwanza, akajenga mpangilio wa hadithi, kisha Robert Bolt akaandika upya mazungumzo. Filamu ilipotoka, jina lilikuwa la Bolt peke yake. Na hofu haikuwa tena ile ya 1957: mwaka 1960 Dalton Trumbo, naye wa orodha nyeusi, alikuwa ameshaandikwa waziwazi kwenye "Spartacus" na "Exodus". Mlango ulikuwa wazi. Spiegel hakupita.

Bolt naye hakusalimika. Mwaka 1961 alifungwa Uingereza kwa harakati za kupinga silaha za nyuklia. Angetoka mara moja kama angetia sahihi ahadi ya kutovunja amani, naye akakataa. Skripti haijaisha, waigizaji na mafundi wanasubiri. Spiegel akamfuata gerezani, akamwelemea na habari za watu watakaokosa kazi kwa ajili ya msimamo wake, mpaka Bolt akatia sahihi. Alijuta miaka mingi baadaye. Utasema Spiegel aliokoa ajira za watu, na ni kweli. Ila alijua pia kuwa mtu mwenye huruma hushikwa kwa huruma yake.

Mkimbizi aliyejificha miaka mingi nyuma ya jina la kubuni alikuwa wa kwanza kujua uchungu wa kunyimwa lako. Hilo ndilo linalonifanya nimhukumu kwa ukali kuliko wakubwa wa studio waliozaliwa kwenye raha. Chama cha waandishi wa filamu cha Uingereza kiliamua mwaka 1963 kwamba Wilson anastahili kutajwa sawa na Bolt. Spiegel aliishi miaka 22 baada ya uamuzi huo, akafariki Desemba 1985, na filamu ikabaki vile vile. Jina la Wilson lilirudishwa mwaka 1995, naye alikuwa kaburini tangu 1978.